Bata na Maradhi Yake

Kasulu na Kibondo ni nchi ya miinuko katika mkoa wa Kigoma, magharibi ya Tanzania. Wenyeji wake ni Waha. Sehemu kubwa ya nchi hii imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya baridi kuliko ile ya ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mvua huanza kunyesha mwezi wa Oktoba au Novemba, nayo huendelea mpaka Aprili au Mei. Kisha hufuata kiangazi, na vijito vingi hupungua maji. Mto Malagarasi hupita katika nchi hii, na katika bonde lake mna mabwawa makubwa wanamokaa ndege wa majini wa namna nyingi. Mwaka 2000 mabwawa ya Malagarasi na Muyovosi yalitiwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambayo ni orodha ya mabwawa yenye thamani kwa dunia nzima.

Katika nchi yenye majani na maji kama hii si ajabu kuona bata wakitembea uani mwa nyumba. Pengine mtoto hupewa vifaranga wawili au watatu awalee, nao humfuata kila aendako. Watu humsifu bata kwa kusema kwamba ni ndege mgumu, asiyekufa upesi kama kuku. Sifa hiyo ina kweli ndani yake, lakini imewadhuru bata wengi, maana mwenye kuisikia hudhani kwamba bata hahitaji kutunzwa. Maradhi mengi yamwuayo bata hayatoki mbali. Hutoka katika maji anayokunywa, chakula anacholishwa, na mahali anapolala. Tena maji hayo na nafaka hiyo aghalabu ni ya nyumba ile ile wanamokaa watu. Kwa hiyo ajuaye kumwangalia bata wake hujifunza pia kuiangalia nyumba yake.

Namna za bata

Bata wanaofugwa ni wa namna tatu. Wa kwanza ni yule mwenye nyama nyekundu usoni. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na dume lake halilii kwa sauti kubwa, bali hutoa mvumo kama wa nyoka. Mayai yake huanguliwa kwa siku 35 hivi. Wa pili ni bata wa kawaida, ambaye asili yake ni bata-mwitu wa Ulaya na Asia. Mayai yake huanguliwa kwa siku 28. Wa tatu ni bata bukini, ndege mkubwa mwenye shingo ndefu, naye hupenda kula majani kama mbuzi. Bukini ni jina la zamani ambalo Waswahili walikiita kisiwa cha Madagaska. Bata bukini akitunzwa vema aweza kuishi miaka 20 na zaidi. Basi mtu anunuaye kifaranga wa bata bukini ajue ya kuwa amejitwalia kazi ya miaka mingi.

Dalili za uzima na za ugonjwa

Bata mzima ana macho maangavu, manyoya makavu yaliyolala vizuri, na miguu isiyo na vidonda. Hula kwa pupa, hutembea pamoja na wenziwe, na asubuhi mlango wa banda ufunguliwapo hutoka mbio kwenda majini.

Bata mgonjwa hujitenga. Husimama peke yake, manyoya yamemsimama, shingo ameivuta ndani, na macho ameyafumba nusu. Huenda akachechemea, au akapumua kwa mdomo uliofunguka, au akatoa kinyesi cha majimaji chenye rangi ya kijani au chenye damu. Yafaa ijulikane kwamba ndege huficha ugonjwa wake kadiri awezavyo, maana porini aliye dhaifu ndiye akamatwaye kwanza na adui. Kwa sababu hiyo, bata aonekanapo mgonjwa waziwazi, pengine ameugua siku nyingi. Mfugaji mwema husimama mlangoni kila asubuhi akiwatazama bata wake watokapo, mmoja mmoja. Yule atokaye wa mwisho, na ambaye jana hakuwa wa mwisho, ndiye wa kuangaliwa.

Bata mgonjwa atengwe mara moja. Awekwe penye joto na pakavu, chini ya tenga au katika chumba kidogo, apewe maji safi na chakula laini. Kumtenga kuna faida mbili: wenziwe hawatamdonoa, wala hatawaambukiza.

Maji

Watu wengi hufikiri kwamba bata lazima apate ziwa au bwawa. Sivyo. Bata aweza kuishi vema mbali na mto, mradi apate chombo cha maji chenye kina cha kutosha kuzamisha kichwa chote. Sababu yake ni hii: bata hula huku akinywa, na chakula humnata mdomoni na katika matundu ya pua. Akikosa maji ya kuzamisha kichwa, pua huziba, macho hutoka povu na kugandamana, na mwisho aweza kuwa kipofu. Tena bata asipewe kamwe chakula kikavu pasipo maji karibu, maana humkwama kooni.

Maji hayo yabadilishwe kila siku, na siku za joto mara mbili, kwa kuwa bata huyachafua upesi. Chombo kiwekwe juu ya kokoto au changarawe, ili maji yanayomwagika yasifanye tope. Tope la daima huleta vidonda vya miguu na minyoo.

Vifaranga wana sheria yao. Bata mkubwa ana tezi ya mafuta karibu na mkia, naye hupaka mafuta yale katika manyoya yake ili yasilowe. Vifaranga walioanguliwa na mama yao hupata mafuta kwake wanapolala chini yake. Lakini desturi ya watu wengi ni kuyatia mayai ya bata chini ya kuku aatamie. Vifaranga wa namna hiyo hawana wa kuwapaka mafuta. Wakiachwa kuogelea katika siku zao za kwanza hulowa, hushikwa na baridi, na kufa. Katika nchi ya miinuko, ambako asubuhi huwa na baridi kali, jambo hili huua wengi. Yafaa wapewe maji katika sahani yenye mawe madogo ndani yake, wanywe na kulowesha midomo tu, mpaka manyoya yao yawe yameota.

Ugonjwa wa shingo kulegea

Kiangazi kinapozidi, mabwawa hukauka kidogo kidogo, na maji yaliyobaki huwa ya uvuguvugu na yenye harufu mbaya. Ndani ya tope lake huoza majani, samaki, na mizoga ya wanyama wadogo. Mahali kama hapo, pasipopita hewa, huzaliana vijidudu vitoavyo sumu kali. Funza walao mzoga huikusanya sumu hiyo mwilini mwao bila kudhurika wao wenyewe. Bata akiwala, sumu humwingia.

Kwanza miguu humlegea, kisha mabawa, na mwisho shingo. Bata hulala kifudifudi na kichwa chini, huku angali anaona na kusikia. Akiwa majini, huzama. Mwaka 1910, karibu na Ziwa Kubwa la Chumvi katika jimbo la Utah, Marekani, bata-mwitu wengi mno walikufa kwa ugonjwa huu, na watu hawakujua sababu yake. Mwaka 1930 ndipo wataalamu walipoonyesha kwamba sumu ya vijidudu hivyo ndiyo iliyowaua.

Bata aliyelegea atolewe majini mara moja, awekwe kivulini, na apewe maji safi. Ikiwa sumu aliyokula ni chache, na aweza kumeza, huenda akapona kwa siku chache. Lakini kinga ni rahisi kuliko tiba. Kiangazi bata wazuiwe wasiende katika maji yaliyosimama na kunuka. Mizoga yote ichomwe moto, au izikwe ndani sana. Na maji yanayomlegeza bata shingo, mtu asiyachote kwa kunywa wala kwa kuoshea vyombo.

Chakula na miguu

Tatizo lionekanalo sana kwa vifaranga wa bata ni udhaifu wa miguu. Kifaranga aliyekuwa akikimbia wiki iliyopita sasa hukaa kitako. Anapojaribu kusimama, miguu hupinda kama upinde, na viungo vyake huvimba. Wenziwe humtangulia penye chakula, naye hukonda. Watu husema amekanyagwa, au amepigwa na baridi. Mara nyingi kosa ni la chakula.

Katika chakula mna vitu vidogo viitwavyo vitamini, ambavyo mwili hauwezi kufanya kazi bila hivyo. Kimojawapo ni niasini. Kifaranga wa bata ahitaji niasini nyingi kuliko kifaranga wa kuku. Kwa hiyo chakula kile kile kinachomtosha kuku hakimtoshi bata. Sasa, chakula cha kawaida cha nyumbani Kasulu na Kibondo ni mahindi, muhogo, ndizi na maharage, na mara nyingi bata hutupiwa mahindi na pumba zake basi. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo mwili wa ndege, hata wa mtu, hauwezi kuitoa kwa urahisi. Mfugaji aona tumbo la kifaranga limejaa, kumbe mwili una njaa.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wakaukao juani na kuuzwa katika masoko ya bara, wapondwe na kuchanganywa na pumba. Pumba za mpunga na karanga safi zilizopondwa hufaa pia. Bata wakubwa waachiwe kutembea bustanini asubuhi, wale konokono, minyoo na wadudu. Wakifanya hivyo hupata chakula chema, na bustani husafishika. Kifaranga aliyeanza kulegea miguu akibadilishiwa chakula mapema aweza kupona. Akiachwa mpaka mifupa yake ikomae imepinda, hatapona tena.

Jambo hili si la bata peke yake. Mtu alaye mahindi matupu kwa miezi mingi aweza kupatwa na ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi yake huwa nyeusi na kuambuka mahali panapopigwa na jua, huharisha, na akili huchafuka. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba asidi ya nikotini, ambayo ndiyo niasini, huponya ugonjwa wa mbwa unaofanana na pelagra. Hata hivyo, mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra, zaidi ya watu 17,000. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi, na karanga walizokuwa wakipewa pamoja nayo zilikatika. Karanga chache tu ndizo zilizokuwa zikiwalinda. Basi kifaranga aliyepinda miguu uani humwuliza mwenye nyumba swali moja: watoto wako nao, pamoja na ugali wanakula nini?

Nafaka yenye kuvu

Kuna desturi moja iliyoenea sana. Mama achaguapo mahindi au karanga, huzitenga punje zilizoota kuvu, za kijani au nyeusi, na kuwatupia kuku na bata. Huona kwamba ni hasara kuzitupa bure. Lakini kwa bata punje hizo ni sumu, tena sumu kubwa.

Baadhi ya kuvu hutoa sumu ambayo Kiswahili imepewa jina la sumukuvu. Habari yake ilijulikana mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza. Vifaranga wa bata walikufa pia. Wataalamu walitafuta ugonjwa wa kuambukiza, wasiuone. Mwisho waligundua kwamba ndege wale walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na mashudu yale yalikuwa na kuvu. Tena waliona kwamba kifaranga wa bata hudhurika kwa sumu hiyo upesi kuliko kifaranga wa kuku. Kiasi kidogo kinachomwacha kifaranga wa kuku hai humwua kifaranga wa bata. Kwa sababu hiyo, katika maabara za siku zile, vifaranga wa bata wa siku moja ndio waliotumiwa kupimia chakula kama kina sumukuvu.

Bata aliyekula sumu hii huacha kula, hudumaa, na huchechemea. Ini lake huharibika. Vifaranga huenda wakashikwa na kifafa, kichwa kikarudi nyuma, wakafa. Dawa ya kuiondoa sumu mwilini hakuna. Mfugaji aweza tu kukiondoa chakula kibaya mara moja na kuwapa chakula safi wale waliosalia.

Na hapa bata humwonya mtu tena. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa wala kwa kupikwa ugali. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walikufa. Ini la mtu nalo huharibika kama la bata.

Kinga yake yaanza shambani. Mahindi yakishakomaa yasiachwe kunyeshewa. Yakaushwe juu ya turubai, jamvi au kichanja, wala si juu ya udongo mtupu. Yasitiwe ghalani mpaka yawe makavu kabisa. Punje ikiumwa kwa meno, ivunjike kwa mlio, ikibonyea, haijakauka. Ghala liinuliwe kutoka ardhini, na paa lake lisivuje. Punje zenye kuvu zizikwe. Asipewe mtu, wala kuku, wala bata. Kifaranga mmoja wa bata ni mali kuliko kibaba cha mahindi mabovu, na mtoto ni zaidi ya vyote.

Maradhi ya kuambukiza

Ugonjwa uogopwao kuliko yote katika mabanda ya kuku ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Kuku hupumua kwa shida, hutoa kinyesi cha kijani, shingo humpinda, na kwa siku chache banda zima laweza kubaki tupu. Bata hushambuliwa mara chache na ugonjwa huu, na hapo ndipo ilipo hatari. Bata huenda akawa na vimelea vya kideri mwilini mwake, asionyeshe dalili yoyote, akavitoa katika kinyesi chake. Mtu anunua bata sokoni, mnene na mchangamfu, anamtia pamoja na kuku wake, na baada ya siku chache kuku wanaanza kufa. Jirani husema kijicho au uchawi. Lakini ugonjwa umeingia kwa mlango, miguuni mwa bata yule.

Basi sheria ni hizi. Ndege mgeni, hata akiwa mzima namna gani, akae peke yake muda wa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine. Bata na kuku walale mabanda mbalimbali, na chombo cha maji kisiwe kimoja. Kuku wachanjwe kideri. Katika Tanzania iko chanjo ivumiliayo joto kuliko chanjo za zamani, nayo hutiwa jichoni tone moja kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hiyo hufaa sana vijijini, ambako barafu ni shida kupatikana.

Ugonjwa wa pili ni kipindupindu cha kuku, ambao humwua hata bata. Huyu aliyekula vizuri jana jioni huonekana asubuhi amekufa. Wengine huwa na kiu, kinyesi cha majimaji, na kamasi mdomoni. Huu ndio ugonjwa aliouchungulia Louis Pasteur wa Ufaransa, ambaye mwaka 1880 alieleza jinsi ya kuwakinga kuku kwa vijidudu vilivyodhoofishwa. Kutokana na kazi hiyo ya kuku, chanjo nyingine nyingi zilipatikana. Ugonjwa huu hupenda banda chafu lenye msongamano, nao huweza kuletwa na panya.

Tena kuna mafua makali ya ndege. Mapema mwaka 2017 yalitokea Uganda, ambako ndege-mwitu walikutwa wamekufa kandokando ya Ziwa Viktoria, na bata na kuku wa kufugwa wakafa pia. Ndege-mwitu hawajui mipaka ya nchi. Kwa hiyo, pakitokea vifo vya ghafula vya ndege wengi kwa pamoja, mzoga usichinjwe, usiliwe, usiuzwe, wala usitupwe mtoni. Bwana mifugo wa kata aarifiwe siku ile ile. Watu wengine huona haya kutoa habari, au huwahi kuwauza waliobaki kabla hawajafa. Afanyaye hivyo huuza kifo sokoni, nacho hurudi kwa jirani zake, na mwisho kwake mwenyewe.

Unyayo, bawa na yai

Yako na matatizo madogo ambayo mfugaji aweza kuyaondoa mwenyewe, mradi asichelewe.

Unyayo wa bata ni laini. Akitembea sana juu ya mawe makali au saruji, ngozi hupasuka, uchafu huingia, na uvimbe mgumu hutokea wenye kipele cheusi katikati. Mguu uoshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila siku, ukaushwe, na bata alazwe juu ya nyasi kavu. Uvimbe ukizidi, mtaalamu ndiye aukate. Mwenyewe asiutie kisu.

Bawa la bata kijana, na hasa la bata bukini, pengine hugeuka likaelekea nje badala ya kulala ubavuni. Jambo hili huwapata walioshibishwa vyakula vya wanga, kama ugali na wali, wakakua upesi mno. Likionekana mapema, bawa likunjwe mahali pake na kufungwa kwa kitambaa laini kwa siku chache, na bata apewe majani zaidi. Bata bukini aachiwe kulisha nyasi, maana hicho ndicho chakula chake.

Yai hukwama tumboni mwa jike lililokosa chokaa ya kutosha. Jike huchuchumaa na kujikamua bila kutoa kitu. Likalishwe katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa muda wa robo saa, na tundu lipakwe mafuta safi ya kula. Yai lisivunjwe kwa kidole. Yasipopatikana mafanikio siku ile, apelekewe mtaalamu. Ili jambo hilo lisitokee, maganda ya mayai yakaushwe, yasagwe, na kuchanganywa na chakula.

Tena bata hupenda kumeza vitu ving'aavyo. Misumari, vipande vya waya na betri kuukuu hutoboa tumbo lake au humtilia sumu. Ua ufagiliwe, hasa mahali palipojengwa nyumba.

Ulinzi wa mfugaji

Bata mzima aweza kuwa na vijidudu visivyomdhuru yeye, bali humharisha mtu na kumtia homa. Kwa hiyo mtoto achezaye na bata anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Asimbusu bata mdomoni, wala asimlaze jikoni. Mayai ya bata yapikwe mpaka kiini kiwe kigumu. Banda lifagiliwe mara kwa mara, na samadi yake irundikwe mbali na kisima ioze vizuri kabla ya kutiwa bustanini. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuku isipewe bata bila kumwuliza mtaalamu, maana bata hula chakula kingi kuliko kuku, na dawa zichanganywazo na chakula huweza kumzidi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Bata hawezi kusema panapomwuma. Husema kwa miguu iliyolegea, kwa macho yaliyogandamana, na kwa kutoka bandani wa mwisho. Mwenye kuelewa maneno hayo hubadili maji, hutazama ghala, na kuongeza dagaa katika chakula. Asiyeelewa huzika bata wake mmoja baada ya mwingine, akilaumu hali ya hewa, huku maji yale yale yamo mtungini mwake, na mahindi yale yale yamo chunguni.

Maswali

1. Kwa nini sifa ya kuwa bata ni ndege mgumu imewadhuru bata wengi?
2. Vifaranga wa bata walioanguliwa na kuku wasiachwe kuogelea mapema. Eleza sababu yake.
3. Bata alegeapo shingo wakati wa kiangazi, sumu imetoka wapi?
4. Mahindi yana niasini. Mbona kifaranga alishwaye mahindi matupu hupinda miguu?
5. Taja mambo manne ya kufanya ili mahindi yasiote kuvu.
6. Mtu amenunua bata mzima sokoni, na baada ya siku chache kuku wake wamekufa. Mweleze jambo lililotokea, na lile alilopaswa kufanya.